Shahidi wa Dirir

Wana-kondoo arobaini na watatu walikufa mwezi wa tatu, na katika nyumba ya Mzee Abdille pale Garissa hapakuwa na mtu aliyesema kwa nini. Walisema ni jua. Walisema ni mvua iliyochelewa. Mama wa nyumba, Sadia, alisema ni kijicho cha watu, akachoma uvumba siku tatu mfululizo mpaka majirani wakalalamika. Hinda, binti wa kwanza, fundi wa maabara katika shule moja ya sekondari mjini, alijua kwa nini. Alijua, akanyamaza, na unyamavu ule ukamchoma kooni miezi saba kama mwiba wa mgunga.

Sasa Oktoba ilikuwa imerudi, na mzee alikuwa palepale uani baada ya swala ya alfajiri, kikoi kiunoni, bakora mkononi, uso ameuelekeza mashariki. Simu ya Hinda ilikuwa juu ya ndoo iliyopinduliwa, sauti imefunguliwa yote.

"Aabo, tuko kisimani," ilisema sauti ya Mahat, mdogo wake Hinda, kutoka nje ya Habaswein. "Watu wa nyumba tano wamekaa hapa. Wanauliza, tufungue?"

Kufungua ni kuwafungua kondoo dume. Wafugaji wa huko huwafunga madume ugwe chini ya tumbo wasiwapande majike, kwa sababu kondoo hubeba mimba miezi mitano na mwana-kondoo hana subira: akizaliwa kabla ya majani, anakuta titi kavu. Katika ukoo huu siku ya kufungua haisomwi kwenye kalenda ya ukutani. Inasomwa alfajiri, siku mwezi mwembamba wa mwishoni unapomfikia nyota Dirir. Na neno la Dirir ni la mkubwa wa ukoo. Mkubwa ni Abdille, hata kama miaka mitatu sasa presha na magoti vimemleta mjini chini ya mabati, mbali na kondoo wake. Mahat hakuweza kumsaidia; alikulia kwenye bweni la shule, na nyota alizozijua vizuri ni zile za mabegani mwa polisi.

Kando ya mwezi alfajiri ile palikuwa na kitu kikubwa, cheupe, kimetulia. Macho ya mzee yalikuwa na utando kama maziwa yaliyolala. Mlango wa choo yalikuwa hayauoni tena, lakini hicho yalikiona.

"Nimemwona," alisema Mzee Abdille. "Dirir huyo. Mwezi umemfikia. Haya, kwa jina la Mwenyezi Mungu, fung—"

"Aabo, hapana."

Hata Hinda mwenyewe alishtuka kusikia sauti yake.

"Hapana nini?"

"Huyo si Dirir, ni Zuhura. Dirir bado amezibwa na jua, hatatoka mpaka mwezi ujao. Mtazame, Aabo. Dirir hupepesa. Huyu anakodoa tu."

Kwenye simu mtu akakohoa, kikohozi kirefu cha mtu mzima, na Hinda akakitambua. Alikuwa Adeer Shuaib, mdogo wa baba yake, ambaye maisha yake yote amelala na kondoo. Alikohoa, asiseme neno.

"Mahat, ngojeni," alisema mzee polepole. Kisha akaisukuma ndoo kwa bakora, na simu ikaanguka mchangani.

"Umewaambia watu kwamba sioni."

"Sikusema hivyo, Aabo."

"Umeiambia Habaswein nzima kwamba Abdille hatofautishi Dirir na taa ya lori."

"Mwaka jana pia alikuwa Zuhura." Hili lilimtoka kabla hajalishika. "Tulifungua mwezi mzima mapema. Ndiyo maana walizaliwa jua kali."

Sadia alitoka jikoni na birika mkononi, kitambaa cha kichwa kimemteleza. "Naa, wewe msichana, funga mdomo! Unamfundisha baba yako nyota? Yeye aliyezaliwa chini yake, na wewe uliyezaliwa wodini?"

Mzee hakupiga kelele. Kelele zingekuwa nafuu. "Umeyajuaje haya?" aliuliza.

Hinda aliokota simu, akaipangusa mchanga, akajieleza. Kuna programu inayochora mbingu ya siku yoyote. Kuna jukwaa mtandaoni, watu elfu na elfu wa kila nchi wanaopenda nyota bila kulipwa. Wanaelekezana, wanasahihishana, wamemfundisha yeye miaka sita. Aligeuza kioo cha simu kumwelekea baba yake, akakumbuka, akakishusha.

"Simu hiyo ni mtoto wa nani?" aliuliza mzee.

"Aabo..."

"Nauliza. Baba yake nani? Iliapa kwa nani? Mimi siwafungui kondoo wa nyumba tano kwa neno la kitu kisicho na baba. Unasema Dirir hajatoka. Vyema. Mwezi ujao niletee aliyemwona. Si simu. Mtu! Mwenye macho yake, jina lake, jina la baba yake na la babu yake. Na wewe usijilete. Wewe ni damu yangu, na damu haijishuhudii yenyewe."

"Na nisipompata?"

"Usipompata, madume watabaki wamefungwa mpaka wazeeke, na kisima kitajua ni mdomo wa nani uliowafunga."

*

Saa ya chakula cha mchana Hinda alijifungia kwenye chumba cha kuhifadhia dawa za maabara, kati ya chupa za tindikali na mifupa ya plastiki, akawasha bando lake. Hapo ndipo alipojifunzia kila kitu. Hakuna chuo kilichomfundisha nyota. Alianza na darubini ndogo ya mkono, ya mtumba, jicho moja limepasuka, na watu wasiomjua wakamwelekeza usiku baada ya usiku: tazama hapa, ngoja macho yazoee giza, andika saa. Alilipenda jukwaa lile kama watu wanavyoupenda ukoo.

Akaandika kwenye chumba cha Afrika Mashariki, kwa Kiswahili kilichonyooka:

"Naomba msaada. Katikati ya Novemba, alfajiri, mwezi mwembamba utapita karibu kabisa na Spika, nyota ambayo sisi tunaiita Dirir. Huku Garissa ni msimu wa mawingu. Natafuta mtu yeyote kati ya hapa, Wajir na Isiolo atakayeiona kwa macho yake, kisha aongee na baba yangu kwa simu. Tunapanga siku ya kufungua kondoo dume."

Dakika kumi na saba baadaye jibu lilikuwa chini yake, kwa maandishi mekundu: "Mada imefungwa. Hili ni jukwaa la sayansi. Unajimu na utabiri haviruhusiwi. Onyo la kwanza."

Aliisoma mara tatu. Akamwandikia msimamizi faraghani.

"Si utabiri, ndugu. Ni kalenda."

"Kondoo hawana uhusiano wowote na Spika."

"Na mkulima anayepanda mwezi wa tatu, mahindi yake yana uhusiano gani na Machi? Sisemi nyota inazaa kondoo. Nasema inatuonyesha tarehe."

"Basi tumia kalenda."

"Baba yangu hasomi kalenda. Anasoma mbingu. Si ndiyo kazi ya jukwaa hili?"

"Tafadhali heshimu sheria. Onyo la pili litakuondoa."

Chini tu ya mada yake iliyofungwa palikuwa na nyingine iliyo wazi, yenye vicheko na makopakopa. Bwana mmoja wa Nairobi aliuliza ni jioni ipi mwezi utachomoza nyuma ya ghorofa fulani, ili apigwe picha akimvisha mchumba wake pete. Majibu sitini na manne. Watu walikuwa wamemchorea ramani, wamempimia pembe, wamemkumbusha abebe koti.

Watu wa upande huu wa mto Tana wana kumbukumbu ndefu ya milango. Babu yake Hinda alionyesha kipande cha mkoloni darajani ili apite na mbuzi wake mwenyewe. Baba yake alionyesha kitambulisho, na kitambulisho kisitoshe, akatakiwa kadi nyingine ya rangi nyingine kuthibitisha kwamba ile ya kwanza haikuwa ya uongo. Hinda mwenyewe, alipotimiza miaka kumi na minane, alikaa mbele ya meza ya wazee na afisa, akaulizwa ataje babu wa babu yake, huku wenzake wa shule, waliotoka ng'ambo ya mto, wakipewa vitambulisho vyao na kuondoka wakila barafu. Alidhani mbinguni hakuna meza ya namna hiyo. Kumbe wameipandisha na huko.

Kengele ililia. Akaenda kuwagawia kidato cha pili chupa za majaribio, hasira bado haijamtoka. Chupa mbili zikavunjika, akaandikiwa barua ya onyo.

*

Nyumbani mambo yalikuwa palepale. Mzee alikula akimpa Hinda mgongo. Alipotaka kusema naye alimwambia Sadia, "Mwambie huyo profesa wako afunge lango."

Hinda alikuwa ameandikisha jina la baba yake kwa madaktari wa macho waliokuja hospitalini kila baada ya miezi kadhaa. Mtoto wa jicho hutolewa asubuhi, mtu akarudi nyumbani jioni. Mara mbili alimwandikisha, mara mbili mzee hakwenda.

"Baba yako hana ugonjwa wa macho," alisema Sadia, na alipokuwa akisema hivyo alikuwa akimwekea mumewe kikombe cha chai mkononi, kidole kwa kidole, kama anayemvisha mtoto glovu. Makubadhi ya mzee yaliwekwa mahali pamoja kila siku. Kigoda hakikusogezwa. Wajukuu walikatazwa kuacha mpira uani. Nyumba nzima ilikuwa imejifunza upofu ili mtu mmoja aonekane anaona.

Ijumaa moja alikuja Abdihafid, mume wa mdogo wake Hinda, muuza simu mwenye ndevu zilizopakwa hina na ushauri kwa kila mtu. Alikaa, akanywa vikombe viwili, ndipo akaanza.

"Hinda, walaal, dada yangu, nimesikia habari hizi za nyota. Jihadhari. Unajimu ni haramu."

Hinda alicheka, kicheko kisicho na furaha hata chembe. "Wewe ni wa pili."

"Wa kwanza nani?"

"Bwana mmoja kwenye simu. Hajawahi kushika kondoo, lakini mnaongea lugha moja. Yeye ananifukuza kwa sababu mimi si mwanasayansi, wewe unanifukuza kwa sababu si Mwislamu mzuri. Kutaneni, mfungue duka."

"Mwenye kuamini nyota inaleta mvua amepotea."

"Nani amesema inaleta? Saa yako ya ukutani inaleta adhuhuri?"

"Usinijibu kama wanafunzi wako!" Abdihafid aliweka kikombe chini, akasimama, akapangusa kanzu. Alifika mlangoni, akageuka, sauti sasa imeshuka. "Wale kondoo wangu kumi na mmoja walio kwa Mahat... ni siku ipi basi? Nauliza tu."

*

Ujumbe uliingia siku ya tisa. Haukuja kwenye jukwaa. Ulikuja faraghani, kutoka kwa mtu ambaye kwa miaka minne hakuwa ameandika hata neno moja humo.

"Dada Hinda, mimi naitwa Tiya, niko Modogashe, nauza chai kwa watu ya malori. Nimeona maneno yako kabla hawajafunga. Hiyo nyota sisi najua. Baba yangu alikuwa anahesabu siku na mwezi na nyota, watu wanakuja kutoka mbali kumuuliza. Mimi nasoma tu huko, siandiki, nikiandika watacheka Kiswahili yangu. Hiyo siku mimi ntaangalia. Jiko nawasha saa kumi ya usiku, mbingu naona bure."

Hinda alimpigia palepale. Mama mwenye sauti nzito, kelele za sufuria nyuma yake. Waliongea nusu saa. Tiya alizijua nyota kwa majina yake mwenyewe, mengine Hinda hakuwahi kuyasikia. Hinda alizijua kwa majina ya jukwaa. Walizitambua moja moja kwa kuelezana zilipokaa, kama watu wanaogundua kwamba wana shangazi mmoja.

"Lakini dada," alisema Tiya mwishoni, "baba yako anajua mimi ni Mborana?"

"Hajui."

"Sawa." Sufuria ikalia. "Mwache aulize mwenyewe."

Hinda alikata simu, akakaa akiitazama. Wasomali wa baba yake na Waborana wa Tiya walikuwa wamegombania kisima kimoja kabla wazazi wao hawajazaliwa, wakaja wakubwa wa serikali wakachora mpaka katikati ya kisima, halafu wakashangaa kwa nini watu wanapigana. Mzee Abdille aliweza kuhesabu ngamia walioibiwa mwaka ambao yeye mwenyewe hajatahiriwa, mmoja mmoja, kwa rangi. Na shahidi pekee aliyepatikana kati ya maelfu ya watu wa jukwaa ni huyu.

*

Alfajiri yenyewe ilikuja na manyunyu. Garissa ilikuwa imefunikwa kama chungu. Mzee alisimama uani, ameuinua uso, maji yakimtiririka kwenye ndevu, na hakuna aliyemwambia kwamba hakuna cha kutazama.

Mahat alikuwa amekwisha kupiga kwa simu ya Sadia. "Huku hata mwezi hatuuoni, Aabo. Watu wamechoka. Wengine wanasema wafungue tu, wengine wanasema tungoje mwezi mwingine."

"Kungoja mwezi mwingine ni kuzalisha mvua ikishakatika," alisema Hinda.

Mzee hakumjibu. "Ngojeni," alimwambia Mahat, Sadia akakata.

Saa kumi na moja na robo simu ya Hinda ililia.

"Dada, iko," alisema Tiya. "Hapa mawingu imepasuka upande ya jua. Mpe mzee haraka, inaweza kufunga tena."

Hinda alimwekea baba yake simu mkononi. Kwa mara ya kwanza baada ya mwezi mzima vidole vyao viligusana. Mzee aliisogeza mdomoni kama mtu anayetaka kuiuma, akaongea Kiswahili chake cha soko la mifugo, kila p ikitoka b.

"Salaam aleikum. Wewe nani?"

"Aleikum salaam, mzee. Tiya."

"Tiya wa nani?"

"Tiya Halake."

"Halake wa nani?"

"Halake Koricha."

Manyunyu yaligonga mabati. "Wewe Borana," alisema mzee.

"Ndiyo, mzee. Na wewe Msomali. Tuseme hiyo, ama tuseme nyota? Chai yangu inachemka."

"Watu yenu walichukua ngamia ya mjomba yangu. Nne. Moja nyeube."

"Na yenu walichukua ya babu yangu, sita. Hiyo siku ingine mzee, ulete shahidi na mimi nalete. Leo ni nyota."

Sadia alifunika mdomo kwa shungi. Hinda alifumba macho akingoja simu iende mchangani tena. Lakini mzee alivuta pumzi ndefu, na alipoongea tena sauti yake ilikuwa nyingine, ya mtu aliye kazini.

"Nyota iko ubande gani ya mwezi?"

"Nikiangalia mahali jua inatoka, Kibla iko mkono ya kushoto. Nyota iko mkono ya kulia. Karibu kabisa. Kidole moja haitoshi kuingia katikati."

"Mwezi iko namna gani?"

"Nyembamba. Imebaki siku mbili, tatu, ife."

"Nyota inafanya nini?"

"Inapepesa. Kama mtu ameingia moshi kwa macho."

"Hakuna ingine?"

"Iko. Imetoka sasa hivi, chini kabisa, karibu na ardhi. Kubwa, nyeupe. Hiyo haipepesi, inakodoa tu. Hiyo si yake, mzee. Hiyo inadanganya watu."

Mkono wa mzee ulishuka kidogo. "Inadanganya watu," alirudia polepole, kwa Kisomali, kama anayejifunza neno. Kisha akauliza, "Baba yako alikufundisha?"

"Alifundisha ndugu yangu. Mimi nilikuwa naleta maziwa, nikasikia."

"Allah amrehemu."

"Amina, mzee. Na wako pia."

Mzee alimrudishia Hinda simu. Akageuka, akapapasa hewa akitafuta ile ya Sadia. Sadia alikuwa karibu zaidi ya ilivyohitajika, akanong'ona sikioni mwake, lakini Hinda alimsikia.

"Waambie umemwona. Basi. Mawingu yalifunguka kidogo, ukamwona. Nani atajua? Ya Mborana ya nini?"

Mzee alishika simu. Ikaita papo hapo, Mahat amepiga tena, Sadia akaipokea, na kisima kikasikika: kondoo, upepo, watu wakikohoa kwa baridi.

"Mahat. Dirir ameonekana."

"Alhamdulillahi! Tufungue?" Kisha sauti ya Mahat ikasitasita. Nyuma yake watu walikuwa wakisemezana. "Aabo, samahani. Watu wanauliza... ameonekana na nani?"

Hilo ndilo swali alilowafundisha yeye mwenyewe, miaka arobaini. Usipokee habari isiyo na baba. Sadia alimvuta mkono wa shati, akamfinya. Hinda alitazama chini. Alikuwa amejiandaa kwa uongo. Alikuwa hata amekwisha kuukubali moyoni, maadamu wana-kondoo wazaliwe kwenye majani. Ndivyo tunavyolelewa, tunauzoea uongo wa wakubwa kama tunavyozoea harufu ya taa.

"Ameonekana na Tiya," alisema mzee. "Tiya binti Halake, Halake wa Koricha. Mborana wa Modogashe. Nimemhoji mwenyewe. Anaona kuliko sisi sote."

Kisima kilivuma. Mtu mmoja akasema, "Mborana?" mwingine akasema, "Mwanamke?" Mahat akawanyamazisha.

"Na wewe, Aabo? Wewe hukumwona?"

"Mimi simwoni." Bakora ilikuwa inazama kwenye matope. "Simwoni mwaka wa pili huu, Mahat. Simwoni Dirir, simwoni mama yako usoni. Mwaka jana nilimwona Zuhura nikamwita Dirir. Wale arobaini na watatu ni juu yangu. Binti yangu aliniambia mbele yenu, nikamwadhibu. Sasa mmesikia wote."

Kisha kikaja kile kikohozi, kirefu, cha mtu mzima. Safari hii kiliishia kwenye maneno.

"Abdille. Ndugu yangu. Ni mimi, Shuaib."

"Sema, Shuaib."

"Mwaka jana mimi nilimtazama alfajiri ileile. Alikuwa Zuhura."

"Ulijua?"

"Nilijua."

"Ulijua, na ukafungua madume?"

"Neno lilikuwa limetoka. Neno lako. Wewe ni mkubwa wangu. Ningesema nini?"

Hinda alimnyang'anya baba yake simu. Hakujali tena. "Adeer! Arobaini na watatu! Ulikuwa unakohoa tu? Wamekufa arobaini na watatu, na wewe unakohoa!"

"Idadi naijua, binti yangu," alisema Shuaib kwa upole. "Niliwachuna mimi."

Hinda alifungua mdomo amtukane. Matusi alikuwa nayo, ya Kisomali na ya Kiswahili, ya kutosha kisima na jukwaa kwa pamoja. Akakuta hana la kumtukania. Naye mwaka jana alikuwa amesimama uani hapahapa, ameshika birika, akiitazama nyota ileile isiyopepesa, akisubiri mtu mwingine aseme.

Mzee alinyoosha mkono. Hinda akamrudishia simu.

"Shuaib," alisema, "wafungue. Na mwakani ukiniona napotea, usikohoe."

Zilisikika kelele za watu wakikimbilia zizini, mtu akiitisha kisu cha kukatia ugwe, kisha kondoo dume wa kwanza, mlio mmoja mzito, wa hasira, kama mtu aliyefungiwa kituoni bila kosa. Akafuata wa pili. Salio la Mahat likaisha, simu ikanyamaza.

Sadia alikuwa analia jikoni akijifanya ni moshi. Alitoka na chai, akaja mpaka kwenye kigoda, akauchukua mkono wa mumewe kama kawaida ili auzungushie kikombe, kidole kwa kidole.

Mzee aliurudisha mkono wake.

"Weka chini," alisema. "Nitapapasa."